Tangi la furu wa miambani, Mwanza

Tangi la samaki wa Ziwa Victoria halijazwi kila kilichoingia wavuni. Sangara na kamongo watawameza wenzao, na sato atakua mpaka akose pa kugeukia. Chukua furu wa miambani, samaki wa sentimita 10 hivi. Kabla ya kuvua, pita kwa afisa uvuvi uulizie kibali. Kisiwa cha Saanane usiguse, ni hifadhi ya taifa.

Tangi la sentimita 120 kwa 40, urefu wa kwenda juu 50, hubeba lita 240. Likijaa maji na mawe linakaribia kilo 300, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Mawe ya milima ya Mwanza ni mazuri mno kwa kazi hii kwa sababu hayabadilishi maji. Matumbawe na chokaa waachie wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Maji ya Victoria ni laini, yaani yana madini ya chokaa kidogo. Panga mawe kwanza juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga. Furu huchimba sana, na jiwe lililokalia mchanga litaporomoka lipasue kioo.

Maji na majani ya ziwani usiyalete: konokono wa kichocho huja nayo. Maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo siku nzima klorini itoke. Kisha washa filta, tia punje chache za chakula zioze humo, na usubiri wiki 4 hadi 6. Samaki waingie pale amonia na nitriti, sumu za uozo huo, zikisoma sifuri kwenye kipimo.

Kosa kubwa liko kwenye kuchagua aina. Furu aitwaye kisayansi Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, dume lake lina mgongo mwekundu. Dume la Pundamilia pundamilia ni la bluu. Majike yao yanafanana mno, na jike humtambua dume wake kwa rangi. Maji yakichafuka, au ukiwasha taa ya rangi, tofauti hiyo haionekani tena na wanapandana. Chagua mmoja tu kati ya hao wawili: dume 1, majike 4 au 5, wote kutoka mwamba mmoja, chini ya taa nyeupe.

Jike likiacha kula na koo likatuna, limebeba mayai mdomoni, na litakaa nayo wiki 3 hivi. Lihamishie tangi dogo, maana dume halitaliachia nafasi. Majike mengine yakichanika mapezi, panga upya mawe yote kwa mkupuo. Dume litapoteza himaya yake na kuanza upya.

Lisha kidogo mara mbili kwa siku, wala usikazanie dagaa, matumbo yatavimba. Badili robo ya maji kila wiki. Umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri na usilishe mpaka filta irudi kufanya kazi. Vifaranga wakizidi, wape wafugaji wengine. Ziwani wasirudi: furu wa kila kisiwa wana damu yao, na magonjwa ya tangini yatakwenda nao.