Namna ya Kuongoza Kundi la Maigizo Nairobi Mwaka Baada ya Mwaka

Kuongoza mchezo mmoja wengi wanaweza. Ukipata tamthilia nzuri, waigizaji wenye hamu na wiki sita za mazoezi, utafika jukwaani. Mkurugenzi wa sanaa wa kundi ana mzigo mwingine: mchezo wa leo ukiwa bado unachezwa, yeye anajua wa Septemba ni upi, utachezwa wapi, na pesa za kuuanzisha zitatoka wapi. Nimeubeba mzigo huo hapa Nairobi tangu enzi za kuuza tiketi kwa pesa taslimu mlangoni, kabla M-Pesa haijaingia mwaka 2007, na haya ndiyo ninayowaambia vijana wanaotaka kuanzisha makundi yao.

Kalenda kwanza

Kabla hujafungua tamthilia yoyote, bandika ukutani miezi yote kumi na miwili. Januari ni karo, kwa hiyo usitegemee mzazi atoe hela ya tiketi. Desemba watu wako ushago, yaani kijijini kwao. Mchezo wako mkubwa uuwekee wikendi ya kwanza baada ya mishahara. Kisha kimbilia ukumbi mapema, kwa maana kumbi zenye taa na viti vya maana katikati ya jiji zinahesabika: Ukumbi wa Kitaifa pale Harry Thuku Road, Alliance Française, na nyingine chache.

Lakini usilifunge kundi kwenye ukumbi mmoja. Mwaka 1982 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walikuja kucheza mchezo wao katika Ukumbi wa Kitaifa wakakuta milango imefungwa. Walihamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea na mazoezi huko, na watu wakamiminika kuwatazama hadi walipozuiwa huko pia. Kundi lako linapaswa kuweza kucheza kanisani, bwaloni, hata chini ya mti, bila kungoja mtu awashe swichi.

Onyesho la jioni liishe kabla ya saa tatu. Mtazamaji wa Rongai au Kayole akishaanza kuwaza matatu, mwigizaji wako bora hawezi kumrudisha. Mimi hutaka kila mchezo utoshe saa mbili pamoja na mapumziko, na mwandishi akiwa hai tunakaa naye kuupunguza.

Kuchagua tamthilia

Kila mwaka natafuta za aina tatu: ya shule, ambayo huleta pesa; ya kuchekesha, kwa hadhira ya jiji; na ile ambayo kundi lenyewe linaihitaji ili likue. Hiyo ya tatu ndiyo wadhamini watakushauri uiache. Usiiache. Waigizaji hubaki pale wanapopewa kazi ambayo hawatapewa kwingine. *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga na *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo zilitoka mwaka mmoja, 1976, na mwaka uliofuata zote mbili zikaiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos. Hakuna iliyoandikwa kufurahisha wakubwa. Mpe kijana ukurasa wa Imbuga ausome kwa sauti, uone anavyojifunza kusema jambo zito huku watu wanacheka.

Halafu ulizia haki. Nchini Kenya hakimiliki ya tamthilia hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shakespeare yuko huru. Ukimtaka kwa Kiswahili cha Julius Nyerere, yaani *Mabepari wa Venisi*, mfasiri naye ana haki zake, na Nyerere alifariki 1999. Andika barua kwa mchapishaji kabla hujagawa mswada, na ada ya mwandishi iwe kwenye bajeti kama ilivyo kodi ya ukumbi.

Shuleni

Makundi mengi ya hapa yameishi kwa tamthilia teule za KCSE, yaani zile zinazotahiniwa katika mtihani wa kumaliza sekondari. *Kigogo* ya Pauline Kea ilitulisha, kisha *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege ikashika nafasi. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Utacheza bwaloni saa nne asubuhi, madirisha wazi, taa zako hazina kazi. Wanafunzi mia kadhaa wameketi kwenye viti walivyobeba kutoka darasani, na jikoni nyuma yenu sufuria za githeri zinagongana.

Mazoezi ya bwaloni yana namna yake. Mimi husimama mlango wa mwisho, mwigizaji akasoma ukurasa mmoja. Nisiposikia silabi ya mwisho ya sentensi, tunarudia. Wengi hudhani dawa ni kupaza sauti zaidi. Ukipiga kelele chini ya mabati, maneno yanarudi juu yako na konsonanti zinapotea. Punguza kasi, fungua mdomo, maliza neno. Kicheko kikija, ngoja kianze kushuka ndipo uendelee. Ukisema juu ya kicheko, sentensi hiyo imepotea kwa bwalo zima. Na usibadilishe maneno hata ukiona yako ni matamu zaidi. Mwalimu wa Kiswahili ameketi mbele na kitabu wazi, na wanafunzi wake wataulizwa, "Eleza muktadha wa dondoo hili." Wanakumbuka dondoo kwa sauti ya mwigizaji. Heshimu hilo.

Jambo la haraka: KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ni ya 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na katika mkondo wa sanaa na michezo kuna somo la maigizo na filamu. Kundi linalokula kutoka shuleni lianze sasa kuwajua walimu wa somo hilo.

Malipo

Lipa usiku huohuo. Kwenye mazoezi toa angalau nauli, na kiasi cha onyesho kiandikwe na kutiwa sahihi kabla ya usomaji wa kwanza. Pesa za tiketi ziingie kwenye Till ya kundi, yaani namba yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa, kamwe zisiingie kwenye simu ya mkurugenzi. Baada ya onyesho la mwisho, kabla maleba hayajakunjwa, mweka hazina wetu husoma hesabu kwa sauti: tiketi, ukumbi, taa, mabango, mwandishi, salio. Mwigizaji aliyesikia salio kwa masikio yake hatakunung'unikia kwenye kikundi cha WhatsApp, na msimu wa hasara atakuja mazoezini akijua hali.

Wanaoondoka, na wewe pia

Mwigizaji wako mzuri atachukuliwa na televisheni. Mpongeze mbele ya wenzake na umwachie mlango wazi, wengi hurudi. Kwa kila nafasi kubwa awepo wa akiba anayejua mistari yote, naye apewe angalau onyesho moja la kweli mbele ya hadhira.

Robert Falls aliongoza Goodman Theatre ya Chicago kuanzia 1986 hadi 2022. Nyuma yake kulikuwa na jengo na bodi. Sisi wengi tuna magunia ya maleba na stoo ya kuazima, kwa hiyo mkurugenzi akiugua, kundi zima linaugua. Kuanzia mwaka wa pili, mpe mtu mwingine mchezo mmoja auongoze tangu kuchagua waigizaji hadi kusoma hesabu, na siku za mazoezi yake usiketi mle ndani. Mikataba ya waandishi, nywila za akaunti, namba ya Till, vipimo vya kila jukwaa mlilowahi kucheza, na orodha ya shule pamoja na jina la mwalimu aliyewaalika: viweke kwenye faili moja ambalo watu wawili zaidi yako wanajua lilipo na wanaweza kulifungua.