Namna ya kuchagua mvinyo mweupe mkavu wa Ujerumani kutoka shamba la familia

Anayetafuta mvinyo mweupe mkavu wa Ujerumani hana budi kuanza na lebo, kwa kuwa zabibu ileile ya Riesling, kutoka bonde lilelile la mto Mosel, hutoa mvinyo mtamu sana na pia mvinyo usio na utamu wowote, na ile chupa ndefu nyembamba haitoi fununu yoyote. Neno la kutafuta ni trocken. Kisheria, mvinyo wenye neno hilo hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, au unaweza kufika gramu 9 iwapo asidi haipungui sukari kwa zaidi ya gramu 2. Kwa hiyo sukari gramu 8 pamoja na asidi gramu 7 hukubalika, na mnywaji kwa kawaida hauhisi utamu huo kwa sababu ukali wa asidi huufunika. Halbtrocken una utamu kiasi, ilhali feinherb halina kipimo cha kisheria, na mpenda ukavu asilitegemee.

Maneno Kabinett na Spätlese huwapotosha wengi. Yanaeleza ukomavu wa zabibu siku ya kuvunwa, si utamu wa mvinyo, na ndiyo maana ipo Spätlese trocken. Lebo isiposema lolote, tazama kiwango cha kilevi: asilimia 12 au zaidi kwa kawaida huashiria ukavu, na asilimia 8 huonyesha kwamba sukari nyingi haikuchachuka.

Kuhusu mwenye shamba, picha ya nyumba ya mawe na jina la ukoo si ushahidi wa kutosha. Tafuta Gutsabfüllung, neno linalothibitisha kwamba zabibu zimelimwa na mvinyo umetiwa chupani na shamba lenyewe. Erzeugerabfüllung huweza kutumiwa pia na ushirika wa wakulima, jambo ambalo si baya, ila si shamba la familia moja. Pakiwa na Abfüller peke yake, aliyetajwa ni mjaza chupa tu, na zabibu zaweza kuwa zimetoka kwa wengine.

Tai mwenye kishada cha zabibu juu ya kifuniko ni alama ya VDP, chama cha wazalishaji wa mvinyo wa Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1910, chenye wanachama wapatao 200, wengi wao wakiwa mashamba ya familia. Chama hicho hupanga mvinyo kwa asili yake: Gutswein hutoka katika mashamba ya mzalishaji kwa ujumla, Ortswein katika kijiji kimoja, na juu kabisa ni Großes Gewächs, mvinyo mkavu wa shamba moja mashuhuri. Familia ya Wittmann ya Westhofen, huko Rheinhessen, kwa mfano, huuza Riesling ya kawaida, ya kijiji, na ile ya shamba la Morstein. Ushauri wangu ni kuanza na ya chini. Kilele hupewa zabibu bora na subira yote, ilhali uangalifu wa kila siku wa familia huonekana katika chupa wanayoitengeneza kwa wingi.

Aliyeko Ujerumani na afike shambani, baada ya kupiga simu, kwa kuwa anayekukaribisha huenda ndiye aliyekuwa akipogoa mizabibu asubuhi. Mashamba mengi hufungua Straußwirtschaft, baa ya msimu isiyozidi miezi minne kwa mwaka na viti 40, inayouza mvinyo wa nyumbani pamoja na chakula chepesi. Huko unaonja kabla ya kununua. Asiyependa ukali wa Riesling aombe mvinyo wa zabibu nyingine nyeupe: Silvaner ya eneo la Franken, ambayo asidi yake ni ya upole zaidi, au Weißburgunder ya eneo la Baden.

Nyumbani, mvinyo mwepesi unywewe ukiwa na nyuzi 8 hadi 10, na ule mzito nyuzi 12, kwani baridi kali huua harufu. Riesling iliyokaa miaka kadhaa huweza kunukia kama petroli; hiyo ni tabia yake, si kuharibika. Ukiona chembe angavu chini ya chupa, hizo ni chumvi za asidi ya zabibu zilizoganda na hazina madhara: simamisha chupa kwa saa chache, kisha mimina taratibu na uache kidogo chini.