Namna ya Kusanifu Fomu ya Tiketi ya Basi Kwenye Simu

Tovuti au programu hupimwa zaidi kwenye fomu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapo ndipo mtu anapotoa taarifa zake na fedha zake ili apate alichokuja kukitafuta. Mwongozo huu unashughulikia fomu moja tu, ya kununua tiketi ya basi la mkoani, na unamlenga msafiri mwenye simu ya Android ya bei nafuu, bando dogo na mtandao unaokatika, ambaye anataka kiti cha kwenda Mwanza kesho kutoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam.

Anza kwa kuandika kila taarifa unayokusudia kuiuliza, na kando yake uandike ni nani ataitumia na kwa kazi gani. Taarifa isiyo na mtu wa kuitumia iondolewe. Tiketi inahitaji mahali pa kutoka na pa kwenda, tarehe, kiti, jina la abiria na namba ya simu; barua pepe iwe ya hiari, na namba ya kitambulisho cha NIDA, yenye tarakimu 20, isiulizwe iwapo hakuna anayeihitaji kweli. Usimlazimishe mtu kufungua akaunti kabla hajaona mabasi yaliyopo na nauli zake, kwani nauli ndiyo swali lake la kwanza.

Jina liandikwe katika kisanduku kimoja chenye lebo ya "Jina kamili la abiria". Watu wetu hutumia majina mawili au matatu, likiwemo la baba na la babu, na kuwataka wayagawe kwa mpango wa kigeni huwapotezea muda bila faida. Hakikisha pia kwamba mfumo unapokea alama ya ng', kwa kuwa majina yenye sauti hiyo ni mengi, hasa Kanda ya Ziwa, na hakuna jambo la kuvunja moyo kama kuambiwa na mashine kwamba jina lako si sahihi. Namba ya simu nayo ipokewe kwa namna zote ambazo watu huiandika, iwe inaanza na 0, na 255 au na +255, iwe na nafasi katikati au bila nafasi. Kazi ya kuinyoosha ni ya mfumo.

Lebo ikae juu ya kisanduku na ibaki hapo. Maandishi ya kijivu yaliyo ndani ya kisanduku hupotea mtu anapoanza kuandika, naye akikatizwa na simu inayoingia hurudi asijue alikuwa akijibu nini. Kisanduku cha namba kifungue kibodi ya tarakimu. Maandishi ya visandukuni yasipungue pikseli 16, kwani chini ya hapo iPhone hukuza ukurasa wenyewe pindi kisanduku kinapoguswa. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike hata na watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na ya mandharinyuma, na anayesoma juani kituoni atanufaika na kiwango hicho sawa na mwenye uoni hafifu.

Saa inahitaji uangalifu kuliko mengine yote. Basi linaloondoka saa 12 asubuhi huhifadhiwa kwenye kanzidata kama 06:00, na programu isiyorekebishwa itamwonyesha msafiri tarakimu hiyo peke yake. Aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kuielewa kuwa saa sita mchana, akafika kituoni basi likiwa limekwisha kupita Morogoro. Andika kwa ukamilifu: "Saa 12:00 asubuhi (06:00)", kwenye orodha ya mabasi, kwenye ukurasa wa malipo na kwenye tiketi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, tatizo la tarehe limeongezeka: basi la saa 9 usiku wa kuamkia Jumapili lina tarehe ya Jumapili katika mfumo, ilhali abiria anaweza kuuhesabu usiku huo kuwa wa Jumamosi. Maneno "usiku wa kuamkia" yaandikwe hapo hapo. Hayachukui nafasi kubwa, na yanamwokolea mtu nauli yake.

Mtu akikosea, ujumbe utokee chini ya kisanduku chenye kosa na umwambie la kufanya. "Taarifa si sahihi" haimsaidii yeyote, "Namba hii ina tarakimu 9. Inatakiwa 10, ikianza na 0" inamsaidia. Aliyoyajaza vizuri yasifutwe kamwe.

Kabla ya malipo, onyesha jina la kampuni ya basi, jumla ya fedha pamoja na makato, na muda ambao kiti kitashikiliwa. Kisha mtumiaji hupokea kwenye simu yake ombi la kuweka namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine, na hapa ndipo hofu huanza, kwa sababu fedha zinaweza kuwa zimekatwa huku ukurasa ukiwa kimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, alieleza mwaka 1993 kwamba baada ya sekunde 10 hivi umakini wa mtu humtoka, na malipo mara nyingi huzidi hapo. Basi mwambie kila hatua inayoendelea, na jibu likichelewa andika waziwazi: "Usilipe tena. Tunahakiki malipo yako na utapata SMS." Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa hakutoshi, kwani mtu anaweza kufunga ukurasa na kuanza upya; kila oda iwe na namba yake ya pekee, ili seva ikipokea oda ile ile mara mbili isitoze mara mbili. Tiketi yenyewe itumwe kwa SMS, ifunguke hata bando likiisha.

Fomu ikikamilika, watafute wasafiri watano, pamoja na wakala mmoja anayekata tiketi kituoni, kwani yeye anayajua maswali ambayo abiria huuliza kila siku. Wape simu ya bei nafuu, waombe wanunue tiketi, kisha unyamaze. Andika kila mahali kidole kinaposita na kila swali wanalokuuliza, wala usiwaelekeze. Ukisharekebisha, jaribu tena kwa watu wengine, kwa sababu wale wa kwanza wamekwisha kuizoea njia.