Foili ya kwanza Bagamoyo: hesabu maji kabla ya upepo

Juzi mpwa wangu alinipigia saa nne asubuhi: "Mjomba, upepo upo, twende." Nikamuuliza, maji je? Kimya. Namwandikia yeye na wenzake wanaotoka kwenye ubao wa kawaida wa kaiti, ile tiara kubwa inayokuvuta majini, kwenda foili: mabawa yaliyo mwisho wa mlingoti ulioshuka majini kutoka chini ya ubao, yanayouinua ubao juu ya maji. Kama bado upepo unakupeleka na unarudi kwa miguu, foili isubiri.

1. Vifaa. Mlingoti mfupi, sentimita 60 hivi, na bawa la mbele pana. Wa 90 mwachie muuzaji wake. Helmeti, boya la kifuani, viatu. Usijifunge kamba ya ubao. Ukianguka itakurudishia mabawa usoni.

2. Maji. Ufukwe wetu ni tambarare, yakitoka yanatoka kweli. Mwaka wangu wa kwanza nilitazama upepo tu. Bawa likapiga fungu la mchanga, ubao ukasimama, mimi nikaendelea. Mbavu ziliuma wiki mbili, na jioni yote niliburuta vifaa matopeni huku watoto wakinicheka. Sasa naanza na mwezi. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi jioni, na upepo wa mchana unakuwa umeshakolea. Ingia saa tisa, saa kumi na moja uwe nje. Lakini kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo hesabu ya Jumatatu usiende nayo Ijumaa. Maji mafu, siku za nusu mwezi, hukupwa jioni, ila hayaendi mbali. Vyovyote iwavyo, shuka usimame: yakikufika kifuani, sawa. Kiunoni, ondoka. Mafungu nayo huhama, waulize wavuvi, na wakuonyeshe nyavu na kamba za nanga zilipo.

3. Kutoka. Tembea na ubao umelala ubavu, mabawa upande upepo unakoelekea, wewe upande wa pili.

4. Siku ya kwanza usipae. Uzito mguu wa mbele, ubao ulambe maji. Ukiinuka, kandamiza mbele. Mpwa wangu aliegemea nyuma kwa mazoea. Bawa likachomoka majini, likameza hewa, akaporomoka. Ukianguka, usukume ubao mbali. Usiukumbatie!

5. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, fungua skrubu zote, paka grisi. Chumvi ikishakamata skrubu kwenye alumini, utaishia kwa fundi mwenye drili.