Kurudishiwa kura Kentucky baada ya hukumu ya feloni

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, anayehukumiwa kwa feloni, yaani kosa kubwa la jinai, hupoteza kura yake maisha mazima, hata baada ya kutoka gerezani. Kifungu cha 145 cha katiba ya jimbo kinamwachia gavana uwezo wa kuirudisha. Tarehe 12 Desemba 2019, Gavana Andy Beshear alitia saini agizo lililowarudishia zaidi ya watu 100,000 kwa mpigo, bila wao kuomba. Wako wenye haki hiyo leo ambao hawajui.

Uraia kwanza. Agizo halimpi mtu uraia. Kwa ndugu waliohamia Louisville na Lexington kutoka Kongo na kwingineko, jambo hili ni zito: mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akijiandikisha kupiga kura anaweza kufukuzwa nchini. Ofisi ya leseni ya udereva nayo huuliza kuhusu kura, kwa hiyo usiweke tiki kabla ya kusoma.

1. Tazama nani alikuhukumu, na kwa kosa gani. Agizo linahusu hukumu za mahakama za Kentucky kwa makosa yasiyo ya ukatili. Mauaji, ubakaji, uhaini na hongo ya uchaguzi hayamo. Hukumu ya mahakama ya shirikisho au ya jimbo jingine haimo pia, hata kosa likiwa dogo kiasi gani.

2. Hakikisha adhabu imekwisha yote: kifungo, paroli (kuachiwa mapema kwa masharti) na probesheni (kipindi cha uangalizi nje ya gereza). Deni la faini au fidia peke yake halikuzuii. Lakini angalia hapa, maana ndipo watu hukwama: jaji anaweza kurefusha probesheni kwa sababu fidia haijalipwa, na probesheni ikirefushwa hujamaliza. Muulize afisa wako tarehe ya mwisho, akupe kwa maandishi.

3. Tafuta jina lako kwenye civilrightsrestoration.ky.gov. Liandike kama lilivyo kwenye karatasi za mahakama. Majina yetu mara nyingi hugeuzwa, la ukoo likawa la kwanza, hivyo jaribu kwa mpangilio wote. Usipojiona, usidhani umenyimwa. Ulizia ofisi ya probesheni na paroli.

4. Jiandikishe upya, hata kama ulikuwa mpiga kura zamani, kwa sababu hukumu ilikufuta daftarini. Tumia govote.ky.gov au nenda kwa karani wa kaunti. Usingoje: kwa uchaguzi wa Novemba 5, 2024, daftari lilifungwa Oktoba 7, saa kumi jioni. Tena, agizo la gavana mmoja linaweza kufutwa na mwingine, kama Gavana Matt Bevin alivyolifuta la mtangulizi wake, Steve Beshear, mwaka 2015.

5. Kama agizo halikuhusu, chukua fomu ya maombi kwa gavana kutoka ofisi hiyohiyo ya probesheni na paroli. Weka tayari nakala ya hukumu na barua ya kumaliza adhabu, hasa kwa kesi ya nje ya Kentucky. Gavana hutazama kila ombi peke yake.

Siku ya kura beba kitambulisho chenye picha. Vituo hufungwa saa 12 jioni, lakini ukiwa umeshapanga foleni saa hiyo, usiondoke: una haki ya kupiga.