Kupindua nafasi za wake na waume katika fantasia: anza na nyumba, upanga utafuata

Vijana ninaowasaidia kuandika hapa Lamu huniletea wazo moja kwa sura nyingi: kisiwa cha kubuni ambako wanawake wanatawala na wanaume wanapika. Ukurasa wa kwanza yuko malkia mwenye upanga. Wa pili mumewe anachambua mchele. Wa tatu hadithi imekwama. Riwaya yangu ya kwanza ilikwama papo hapo, na ilinichukua muda mrefu kuona kwa nini: nilikuwa nimebadilisha watu na kuuacha ulimwengu vile vile. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa.

Hatua ya 1: Tafuta kazi inayoleta mamlaka

Kumweka mwanamke kwenye kiti cha enzi hakutoshi. Pate, jirani zetu hapa, ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, lakini usukani wa majahazi ulibaki mikononi mwa wanaume. Jiulize: katika ulimwengu wako, mali inatoka wapi, na nani anajua njia ya kuifikia?

Kwetu mali ilitoka baharini. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha vimebeba boriti za mikoko. Aliyeujua upepo aliijua riziki. Kwa hiyo katika kisiwa changu cha kubuni niliweka sheria moja tu ya ajabu: upepo hausikii ila sauti ya mwanamke. Sikuandika amri ya mfalme wala vita vya kale. Binti akifika miaka saba anapelekwa ufuoni kufundishwa kuuita, na kaka yake anabaki nyumbani.

Halafu uwekee uchawi wako gharama, maana hapo ndipo hadithi inapozaliwa. Nahodha wangu akiuita upepo, anapoteza sauti kwa siku nyingi. Anarudi nyumbani bubu. Basi nani anamsemea barazani? Mumewe. Ghafla nikawa na wanaume wasiosafiri, wasio na chombo, lakini ndio wanaotafsiri ishara za mikono ya wake zao mbele ya wazee. Mmoja wao anaanza kutafsiri visivyo. Riwaya nzima ilitoka katika jambo hilo.

Hatua ya 2: Chora nyumba, chumba kwa chumba

Usiiharakishe hatua hii. Chukua karatasi uchore nyumba ya mawe ya Lamu: daka, yaani kibaraza, mlangoni, kiwanda, yaani ua, katikati, misana, yaani kumbi ndefu, kisha ndani, chumba cha faragha, na sabule, chumba cha wageni. Andika kila mahali nani huketi, nani hupita bila kubisha, nani haruhusiwi kuvuka. Kisha geuza. Wanawake wako dakani wanapokea wafanyabiashara. Wanaume wako ndani, wanasikia mazungumzo kupitia ukutani.

Sasa angalia jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mara. Katika desturi ya zamani ya Mji wa Kale, binti wa nyumba ya mawe alipoolewa alipewa nyumba, au ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia kwake. Baadhi ya wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya vichochoro na tunavyopita chini yake, zilijengwa ili binti apate vyumba vyake bila kwenda mbali na mama yake. Kwa hiyo ukiipindua Lamu kweli kweli, mwenye nyumba anakuwa mwanamume! Mwana wa kiume anarithi kuta, na mkewe nahodha anaingia na sanduku lake la safari.

Ukikutana na jambo kama hili usilikimbie. Ulimwengu ambao upande mmoja una kila kitu na mwingine hauna chochote hauna mgogoro wa kuandikia. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi ni Waislamu kama sisi wengi wa hapa, na kwao nyumba za ukoo hurithiwa na mabinti, huku wanaume wakiwa na desturi ya kwenda ugenini kutafuta. Soma habari za watu kama hao kabla ya kubuni wako. Utaona kwamba nyumba, safari, jina la ukoo na neno la mwisho vinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti.

Hatua ya 3: Pindua lugha

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi na mtego. Zawadi ni kwamba "alishika usukani" haisemi kama ni mke au mume. Unaweza kumwacha msomaji amdhanie nahodha kuwa mwanamume kwa kurasa tatu, kisha mtoto aje mbio pwani akiita, "Mama!" Itumie mara moja tu, isije ikageuka mazoea.

Mtego uko kwenye maneno tunayoyatamka bila kuyasikia. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Katika kisiwa changu Bakari *ameolewa*, na mhariri mmoja alinisahihisha mara nne kabla sijamweleza. Mkono wa kulia tunauita mkono wa kuume, wa kushoto mkono wa kike. Huko kwangu wa kike ndio wa kulia, ndio wa kulia chakula na kushikia usukani. Anayetiwa moyo haambiwi "jikaze kiume". Na methali "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" inasemwa na mama mkwe akimwonya nahodha kijana: "Mume ni nguo." Sikueleza kitu zaidi, na msomaji alielewa nani analeta vitambaa nyumbani.

Orodhesha methali kumi za kwenu zinazotaja mke au mume, uzigeuze zote, kisha utumie mbili. Nane zilizobaki zitakusaidia kuujua ulimwengu huo, hata zisipoandikwa.

Hatua ya 4: Mavazi

Usiwavalishe tu wanaume buibui. Vazi lina sababu yake. Kwa Watuaregi wa Sahara wanaume ndio wanaojifunika uso, na hawakuacha kuwa wapanda ngamia na wapiganaji. Amua nini kinachofichwa na kwa ajili ya nani, kisha uendelee.

Hatua ya 5: Mtafute asiyeenea

Kila mpango una mtu usiomtosha. Wangu ni mvulana wa Matondoni ya kubuni, kwa mfano wa kijiji chetu cha mafundi wa majahazi, mtoto wa fundi, aliyepiga mluzi siku moja na tanga likajaa. Usimfanye mkombozi wa wanaume wote. Mfanye aogope, maana dada yake hauwezi upepo, na siri yao ni moja.

Hatua ya 6: Isome kwa sauti

Isome mbele ya watu wawili, mmoja mama mtu mzima, mwingine kijana wa kiume. Usiwaulize kama wameipenda. Weka alama kila wanapokukatiza. Mimi bibi mmoja alinisimamisha kwenye sura ya pili: "Mwanangu, huyu mke yuko baharini miezi sita. Mtoto ananyonya kwa nani?" Nilirudi nikaandika sura mpya nzima, ya wanyonyeshaji wa kisiwa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.