Komenti kwenye HTML, CSS na PHP: ziandike, lakini ujue nani atazisoma

Komenti ni maneno ya kusomwa na watu ndani ya msimbo, kompyuta huyaruka. Fungua faili ya majaribio, iite jaribio.php, tuanze.

Hatua ya 1: Alama

```
<!-- HTML -->
/* CSS, JavaScript, PHP */
// JavaScript na PHP, mstari mmoja
```

CSS haiijui `//`. Ukiiweka, kivinjari hakilalamiki, ila tamko linalofuata (mfano `color: red;`) linaharibika kimyakimya, nawe utabaki kujiuliza rangi imeenda wapi.

Hatua ya 2: Jua komenti inaishia wapi

Hapa ndipo watu huumbuka. Komenti ya PHP hubaki kwenye seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa za tovuti. Ya HTML husafiri na ukurasa hadi kwa mgeni, naye akibonyeza Ctrl+U (kuona msimbo wa ukurasa) anaisoma yote. Za CSS na JavaScript nazo zinasomeka vilevile. Kwa hiyo nywila usiiweke humo, wala masengenyo kuhusu mteja.

Sasa andika hivi:

```
<!-- <?php echo date('Y'); ?> -->
```

Fungua ukurasa kupitia seva, kisha Ctrl+U. Utakuta mwaka umeandikwa ndani ya komenti! PHP imeshafanya kazi yake kabla kivinjari hakijaona chochote. Basi msimbo unaofuta rekodi ukiuzungushia komenti ya HTML, rekodi zitafutika tu. Uzime kwa `/* */` ndani ya PHP yenyewe.

Hatua ya 3: Andika sababu

```
// chukua tarakimu 9 za mwisho
$simu = '255' . substr($simu, -9);
```

Hiyo haisaidii, msimbo umeshasema hayo. Linganisha na hii:

```
// Wateja huandika 0712..., 712... au +255712...
// Mfumo wa SMS unataka 255 bila alama ya kujumlisha.
// Nafasi kati ya tarakimu zimeshaondolewa kwenye fomu.
$simu = '255' . substr($simu, -9);
```

Mstari wa tatu ndio wenye thamani kuliko yote. Atakayekuja kubadilisha fomu ile ataelewa kwa nini namba zimeanza kuharibika.

Hatua ya 4: Fagia

Ukibadilisha msimbo, rekebisha na komenti yake papo hapo. Msimbo wa zamani uliozimwa ufute kabisa, Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) inakutunzia nakala. Na kwenye VS Code (programu ya kuandikia msimbo) usihangaike kuchapa alama: teua mistari, bonyeza Ctrl+/ (Cmd+/ kwa wa Mac), nayo itachagua alama inayofaa lugha husika.